Sisimizi wa Pili

Kwa miezi minne nililala kifudifudi katika msitu wa Mlima Elgon, huko juu ambako ukungu hauondoki, nikichekecha majani yaliyooza. Nilikuwa namtafuta sisimizi mdogo kama punje ya simsim, mwenye taya kama koleo. Mwalimu wangu wa chuo alikuwa amempata mmoja tu.

"Mmoja hatoshi," aliniambia. "Huenda huyu ni kilema. Bila wa pili, hakuna tasnifu."

Bila tasnifu hakuna kuhitimu, na mama alikuwa ameshashona gauni la sherehe.

Majani hayo huning'inizwa ndani ya wavu siku tatu, hadi wadudu washuke wenyewe kwenye chupa ya spiriti. Mwenye nyumba wangu wa Kitale alipoona gunia la mwisho likiingia, alisema hakunipangisha chumba nifuge mboji. Nikalibeba hadi kwa mama, kijijini Kabuchai.

Mama hakuwahi kuyaelewa masomo yangu. "Hao sisimizi ni wa kuua ama wa kufuga?" aliwahi kuuliza. Nilipomjibu si hili wala lile, aliamua mwenyewe, akawatangazia akina mama wa kanisa kwamba nasomea dawa za msituni.

Niliweka gunia jikoni nikaenda kuoga. Niliporudi lilikuwa tupu, sufuria kubwa inatokota, na mama ameketi na kikombe, goti lake bovu amelinyoosha.

"Hii dawa iko kali, bana," akasema. "Ya kwanza nimemaliza. Si ungeniambia ni vikombe ngapi?"

Nikapiga yowe, nikamnyang'anya kikombe. Ndipo nikauona uso wake.

"Nilijua tu," akasema. "Nilijua siku moja utaniletea kitu ya maana."

Hasira yote ikaniisha. Ningemwambiaje? Nikasema tu kwamba dawa hii huchujwa kwanza, nikaimimina yote kwenye chujio la chai, nikapekua makapi kwa kijiti na kioo cha kukuzia. Nilitoa jongoo, buibui, mbegu, buibui tena. Chini kabisa, taya wazi, miguu yote sita, alikuwa yeye. Ameiva, lakini mzima.

Nililia machozi. Mama akaniuliza kama dawa imeharibika.

Mwalimu alimtazama sana kwenye hadubini. "Amehifadhiwa vizuri," akasema. "Ulitumia nini?"

"Maji moto."

Katika tasnifu nilimshukuru mama kwa msaada wake wa maabara. Ukurasa huo ameubandika ukutani sebuleni. Goti bado linamuuma, na kila mgeni akimuuliza, humwambia ni kwa sababu binti yake, msomi mzima, alimnyima kikombe cha pili.