Aliyeninyamazisha Ndani ya Tangi

Cheka sasa hivi umalize. Cheka kabisa, mimi nangoja, kwa sababu nikishaanza sitaki mtu wa kunikata katikati. Hii maneno ilinipata mimi mwenyewe, hapa Isiolo, mchana peupe, jua ikiwa inaweza kukaanga yai juu ya kichwa ya mtu mwenye upara. Sijasimuliwa na shemeji ya mtu. Najua watu husema mimi naongezea chumvi. Ni kweli, naongezea. Yule nyoka nilisema alikuwa mrefu kama lori, alikuwa mfupi kidogo. Lakini hii ya leo nimeipunguza, maana nikikwambia yote utahama hii kaunti.

Kwanza umjue Ata Nakiru. Ata ni nyanya kwa Kiturkana, na huyu alikuwa nyanya wa mtaa mzima, uwe Mturkana, uwe Mmeru, uwe Mborana, uwe mbuzi. Alizaa watoto wengi na akalea wengine wengi kuliko wale alizaa. Mimi ni wa wale wa kuokotwa. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, Ata akanibeba mgongoni na hakuniweka chini mpaka nikaota ndevu. Aliniita Kelele. Ati mdomo yangu ilizaliwa mbele, mimi nikafuata baadaye.

Na alikuwa anaimba! Haki ya Mungu, huyo mama akiimba hapa kijiji cha Ngaremara, ngamia ya kule mbali Kipsing ilikuwa inageuza shingo. Aliongoza kwaya kanisani, lakini kanisa ilikuwa ndogo kwake. Aliimba akikamua, aliimba akipika, hata kuna watu wanasema aliimba akiwa usingizini na bwana yake anaitikia. Kukiwa na matanga mahali, kabla wenyewe wamalize kulia, Ata ashafika na sufuria kubwa juu ya kichwa. Hakuna mtu amemwita, hakuna mtu anamlipa. Anawasha moto, anaanza wimbo. Sasa wewe unapita na haraka zako, unashtukia umekaa chini unamenya viazi, na hujui ni nani alikupatia kisu. Ndivyo alivyochimbisha vyoo za nasari, ile shule ya watoto wadogo. Ndivyo alivyofanya tangi ya mtaa ikaja.

Hiyo tangi ndiyo nataka uangalie vizuri. Ni ile nyeusi ya plastiki, kubwa, imesimama juu ya mawe nyuma ya nasari, karibu na duka ya Mama Kendi, Mmeru mmoja anauza unga na maneno. Watoto wa nasari wanakunywa hapo, na sisi majirani tunachota hapo. Kila msimu lazima mtu aingie ndani kwa ule mdomo wa juu, ashuke na ngazi, asugue ile uchafu ya kijani na dawa ya klorini.

Na Ata aliweka sheria. Anayeingia ndani ya tangi anaimba. Mwenye kushika kamba nje anaitikia. Si mambo ya kufurahisha watu. Kifungua mimba wake, baba ya mjukuu wake Ekai, zamani aliingia kuosha tangi nyingine ya mwajiri wake, na Ata alikuwa hapo nje anafua nguo. Kijana akanyamaza. Ata akadhani amechoka, akaendelea kufua. Walipochungulia, harufu ya dawa ilikuwa imemaliza yeye. Tangu siku hiyo Ata alisema: wimbo ukisikika, mtu ako hai. Wimbo ukikatika, hakuna kuuliza, hakuna kumaliza chai, panda umtoe. Unajua vile Waborana wanaimba kwa visima vyao wakitoa maji? Ata alisema hao ndio watu wenye akili. Mtu akiwa chini kwa shimo, sauti yake ndiyo kamba yake.

Basi Ata akazeeka, akalala, hakuamka. Tulizika yeye na nyimbo mpaka koo za watu zikatoka nyama.

Tangi ikabaki. Mvua ikaja, ikaenda, hakuna mtu ameingia. Maji ikaanza kunuka, watoto wa nasari wakaanza kushika tumbo. Nikasema wacha niingie mimi. Shida ni moja tu. Mimi siimbi. Niko na sauti ya punda anayeng'olewa jino. Wakati Ata aliosha, mimi nilikuwa mtu wa kamba, na hata kuitikia alinikataza. "Wewe Kelele, tingisha kamba tu," alikuwa anasema, "usije ukaharibu maji."

Sasa mimi, mwerevu wa Isiolo nzima, nikapata akili. Kanisani kulikuwa na wimbo wa Ata, walirekodi akiwa hai, ngoma iko ndani, makofi iko ndani, kila mtu alikuwa nao kwa simu. "Maji njoo, watoto wanakungoja," yeye anaimba, na kwaya wanaitikia, "Njoo!" Nikamwambia Ekai aweke kwa kadi ya ile spika yake ndogo, tuifunge juu kwa mdomo ya tangi, iimbe badala yangu. Ekai ni boda boda, anapenda kitu yenye kelele. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Ukiisha, unajirudia wenyewe.

"Si hii ni sawa na sheria ya Ata?" nikamuuliza.

"Ni sawa kabisa," Ekai akasema. "Hata ni yeye mwenyewe anaimba."

Unaona vile watu wawili wajinga wanaweza kukubaliana haraka?

Nikaacha simu yangu chini ndani ya jaketi, nisiitumbukize. Nikashuka. Nikamwaga klorini nyingi, maana nilitaka tangi ing'ae mtu ajione meno. Kidogo namsikia Ekai anaita juu, "Bro, kuna mteja wa Ngaremara! Nakuja sasa hivi! Mama Kendi ako hapa, atasikia wimbo!"

"Enda!" nikamwambia. Mimi mwenyewe nilimwambia enda.

Nilisugua vizuri kabisa. Halafu macho ikaanza kuwasha, kifua ikaanza kukaza, nikasema wacha nitoke nipunge hewa. Nikapanda ngazi, kidaraja cha kwanza sawa, cha pili sawa, nikifika karibu na juu, kraa! Ngazi ikagawanyika kama mkate. Nikaanguka chini, mguu ikajikunja chini yangu, nikaona nyota zote za mbinguni na zingine za akiba.

Nikapiga nduru. "Mama Kendi! Mama Kendi weee!"

Juu yangu spika inasema, "Maji njoo!"

"Nakufa huku!"

"Njoo!" kwaya inaitikia.

Rafiki yangu, ushawahi kufungiwa ndani ya ngoma na mtu anaipiga? Ile plastiki ilikuwa inarudisha sauti mpaka meno inatetemeka. Nilirusha ndoo, haikufika. Nilirusha brashi, ikagonga spika, ikarudi ikanigonga mimi. Nikaanza kupiga ukuta na ngumi, du, du, du. Wimbo ukaisha, na kabla uanze tena kuna nafasi ndogo hivi ya kuvuta pumzi. Nikafungua mdomo niite, nikashikwa na kikohozi. Na hapo ndipo nilimsikia Mama Kendi kule nje anaambia mteja wake:

"Sikia huyo kijana leo! Hata ngoma anapiga! Ata angemwona angefurahi."

Na akapiga makofi! Mimi nakufa, na huyo mama ananipigia makofi!

Wimbo ukaanza tena. Nikaelewa sasa vile nimejifunga. Sheria ilisema wimbo ukisikika mtu ako hai, na wimbo haukuwa unachoka. Ungeimba mpaka jioni. Wangekuja kunitoa nimekauka kama nyama ya nyirinyiri, na spika bado inasema maji njoo. Nililia. Sitakudanganya. Nililia na machozi, nikamkumbuka baba yake Ekai, nikafikiria kama hivi ndivyo aliona, ule mdomo wa juu umekuwa mdogo kama sahani, halafu kama kifungo cha shati.

Ndio nikasikia mtu amekohoa.

Si mimi. Na si kwa wimbo, ule wimbo naujua, hauna kikohozi. Ilikuwa kile kikohozi kifupi cha mtu amekaa na moshi ya jikoni miaka yote. Nikageuza kichwa. Ile ndoo nilikuwa nimerusha ilikuwa imejipindua vizuri, na juu ya ndoo amekaa Ata Nakiru. Leso yake ya kazi amefunga kiunoni. Shanga zake shingoni. Miguu bila viatu ndani ya ile maji ya klorini, na maji haikuwa inatingishika.

Niamini, nilitaka kukimbia. Lakini utakimbilia wapi ndani ya tangi? Unazunguka unarudi pale pale!

Aliniangalia ile kuangalia yake, kama umemaliza sukari.

"Kelele," akasema, "ni nani alikwambia nyimbo ni kazi ya redio?"

Nikamwonyesha ile ngazi imevunjika, kama mtoto anashtaki mwenzake.

"Na mjukuu wangu ako wapi? Kamba ameachia nani?"

"Ata, ameenda Ngaremara," nikasema. "Ata, usiniue."

Akasimama. Alikuwa anakuja polepole, na mimi narudi nyuma na matako, mpaka mgongo ikagonga plastiki. Hakukuwa na mahali tena. Nikafungua mdomo nipige ile nduru ya mwisho ya mtu, na yeye akaweka kiganja juu ya mdomo yangu. Ilikuwa baridi kama chuma ya asubuhi. Inanuka moshi na siagi. Nikavuta, nikapiga teke, nikamuuma, haki nilimuuma yule mama aliyenilea, hakutoa mkono. Nikasema basi, amekuja kunichukua.

Halafu akaangalia juu kwa spika, na akasema maneno mbili tu, polepole, kama anaongea na mtu mwingine aliyelala ndani ya tangi zamani.

"Mmoja ametosha."

Na wimbo ukakatika.

Si mwisho wa wimbo. Katikati ya neno! "Watoto wanaku..." kimya. Unajua mimi sijawahi kumwona Ata akiwa kimya, hata kwa jeneza ilionekana kama anavuta pumzi aanze ubeti. Sasa alikuwa kimya, na mimi kimya chini ya mkono yake, na tangi yote kimya, nikasikia tone moja ya maji ikianguka kama jiwe.

Halafu nje nikasikia kiti ya Mama Kendi imeanguka.

"Uui! Mbona amenyamaza? Amenyamaza! Watu! Njooni, amenyamaza!"

Nikasikia miguu, nikasikia mawe inapandwa, jua ikafunikwa na kichwa ya Mama Kendi, na mkono ikatoka kwa mdomo yangu. Sikuona akienda. Ndoo ilikuwa hapo, imepinduliwa.

Walinitoa na kamba kama ng'ombe ameanguka kisimani, mimi natapika na kucheka. Ekai alifika na pikipiki tukiwa bado chini. Nikamwambia nani alikuwa ndani na nini alisema. Kijana mkubwa hivyo, mwenye misuli, alikaa kwa vumbi, akaweka kamba juu ya magoti yake, akaishika na mikono miwili.

Mama Kendi alisema ni dawa ilinipanda kichwa. Akasema spika iliisha moto ya betri. Sawa. Tukaishusha: taa yake inawaka, moto imejaa. Tukaweka nyimbo zingine, inaimba kama kasuku. Tukaweka ule wa Ata, ikafika "watoto wanaku..." na kimya. Kimya ndefu, kama vile mtu anaweza kusimama, kupiga nduru, kupanda mawe na kuchungulia. Halafu "...ngoja!" Wimbo unaendelea. Ekai akajaribu kwa simu yake. Kimya pale pale. Mama Kendi akatoa ya kwake, ule wimbo alikuwa nao tangu Ata akiwa hai. Kimya pale pale. Mchungaji pia. Kila mtu Isiolo mwenye ule wimbo, uko na hilo shimo mpaka leo. Mama Kendi hasemi tena mambo ya dawa.

Na mimi? Sogea karibu uangalie ndevu zangu. Huku zimejaa, huku zimejaa, lakini hapa kuzunguka mdomo unaona vile kuna laini nne hazioti kitu? Na hii moja ya gumba upande huu? Uliza kinyozi wangu, huwa anapunguza bei kwa sababu kazi ni nusu.

Sasa hiyo tangi imenishika. Kila msimu naiosha mimi, na Ekai anashika kamba. Siku hiyo habebi mteja hata akiwa gavana. Nikishuka napindua ndoo naiweka pale, siikalii. Na naimba mwenyewe, na hii sauti yangu ya punda, sinyamazi hata kumeza mate, maana nikinyamaza najua ni mkono ya nani itakuja.

Kwa hivyo wewe unayenisikiza, usiweke mashine ikuimbie mahali pumzi yako iko. Na ukipita mtaani ukisikia wimbo tamu inatoka kwa tangi, wacha makofi, panda uchungulie. Ukisikia sauti mbaya mpaka mbwa wanahama, hiyo ni mimi, niko sawa, pita na amani yako.

Lakini nikinyamaza, ndugu yangu, kimbia uje.