Moshi Wangu ni Huu

Mama yangu alikuwa akiwapikia wanaume wa kiwandani. Walikula ugali na maharagwe mbele ya chumba chetu, kwenye nyumba za wafanyakazi pale Thika tulizoziita laini. Wengi walikuwa wageni kutoka magharibi mwa nchi kama sisi. Sufuria ile ndiyo iliyonifikisha chuo kikuu. Kwa hiyo nyapara wa kiwanda alipobandika amri kwamba mafiga yote ya nje yaondolewe kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa moshi wake unawakohoza wafanyakazi, alikuwa akizungumzia riziki yetu. Dohani ya kiwanda ilisimama nyuma ya vyoo vyetu, ikitapika moshi Jumatatu hadi Jumamosi. Amri haikuitaja.

Nilikuwa nyumbani likizoni, nimemaliza mwaka mmoja wa kemia, na hakuna mtu hatari kama aliyemaliza mwaka mmoja wa kemia. Nilimwambia Mama nitathibitisha kwamba masizi yote yanayotuangukia ni ya kiwanda.

"Yote?" akauliza, akipangusa machozi ya moshi wa figa lake.

Nikasema yote.

Mara moja kila mwezi akina mama wa kanisa letu, yaani karibu laini nzima, walifunga. Tangu Jumamosi alfajiri hadi ibada ya Jumapili iishe, hakuna aliyewasha moto; wateja walikula viporo na kunung'unika. Mfungo huo ndio niliohitaji. Mama akatoa vitambaa vitatu vyeupe vya kichwa, vya ibada, akavilowesha ili vinase masizi. Cha kwanza nilikianika Jumamosi, kiwanda kikinguruma na mafiga yamepoa. Cha pili Jumapili asubuhi, kiwanda kimefungwa na mafiga bado baridi. Cha tatu Jumapili jioni, mafiga yakiwaka peke yake.

Cha kwanza kilitoka cheusi, nikacheka. Cha tatu kilitoka cheusi karibu vilevile, nikaacha kucheka. Cha pili ndicho kilichoniaibisha, maana nilikuwa nimewatangazia majirani kwamba kitatoka kama maziwa. Kilitoka na vumbi la kijivu, laini kama poda, lisilokung'utika. Upepo ulikuwa ukitoka upande wa Ruiru, ambako mashamba ya kahawa yalikuwa yakichoma matawi yaliyopogolewa. Na mbele ya Ruiru kuna Nairobi, na mbele ya Nairobi sijui nani anachoma nini.

"Tumpelekee nyapara cha kwanza tu," nikamwambia Mama.

"Ukificha changu, atasema chake nimekipaka makaa."

"Ataona na wewe una kosa."

"Kwani sina? Anayekohoa hapo si mimi?"

Jumatatu akaenda ofisini kwa nyapara, mimi nyuma yake na hotuba ambayo hakuna aliyeiomba. Alitandaza vitambaa mezani, juu ya karatasi za watu.

"Bwana nyapara, hiki ni cha moto wangu. Nimekubali. Hiki kimeletwa na upepo, kimetoka Ruiru au mbele ya Ruiru, na wewe na mimi tunakivuta bila kuulizwa. Sasa hiki cha Jumamosi, siku sisi tumefunga, ni cha nani?"

Nyapara alikisukuma kando. "Mama, maneno haya umefundishwa na huyu kijana wako wa chuo."

"Huyu? Huyu alitaka nifiche viwili."

Makarani walicheka. Hotuba yangu ikaishia hapo.

"Amri ni amri, mama."

"Sawa. Siku utakayozima dohani yako, nitazima na mimi. Tuzime pamoja. Lakini sitazima peke yangu ili wewe uonekane safi."

Akakunja vitambaa vyake, akatoka bila kungoja jibu.

Mwisho wa mwezi ulifika. Mafiga yote yaliwaka, na hakuna aliyekuja kuyang'oa. Dohani nayo haikuzimwa. Mama aliendelea kukohoa miaka yote tuliyokaa pale, lakini alikoholea kwenye figa lake mwenyewe.