Siku Niliyokwenda Peke Yangu kwa Wafadhili

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani hata leo ambapo meno yangu yamebaki ya kuhesabika. Nilikuwa nimeketi mezani katika kituo changu cha afya hapa Bunia, Ituri, kalamu mkononi, na foleni ya wagonjwa ilikuwa imetoka mlangoni, ikafuata ukuta mpaka barabarani wanakosimama watu wa moto, hizi pikipiki za abiria. Nikaandika karatasi ya dawa bila kuinua macho, nikamsogezea mama aliyekuwa mbele yangu na mtoto mapajani. Yule mama hakuondoka. Alisema polepole, "Dokta, hii kipimo ni ya mutu mukubwa. Mutoto huyu iko na miaka mbili."

Nilipoinua macho, nikamwona Mama Georgette.

Ili uelewe kwa nini moyo wangu ulishtuka, acha nikurudishe nyuma kidogo. Mzee akisimulia huenda na kurudi, univumilie.

Vita vilikuwa vimenyamaza, lakini ilikuwa amani ya kulala na viatu miguuni. Leo soko limejaa, kesho mtu anashuka mbio kutoka milimani akisema risasi zimelia, na maduka yote yanafungwa. Waliokimbia vijiji vyao walikuwa bado kambini, chini ya mahema. Nami nilikuwa kijana, nimetoka kumaliza udaktari Kisangani, shati langu limepigwa pasi, nikidhani vitabu vimenifundisha yote.

Mjini tulikuwa na vituo vidogo sita vilivyofanya kazi ya namna moja. Hatukuwa hospitali. Tulikuwa matabibu wa mtaa: mtoto akishikwa na homa, mwanamke akishikwa na uchungu, huanzia kwetu. Tulimjua mgonjwa kwa jina, tukamjua na nyanya yake na ugonjwa uliomwondoa babu yake. Mimi niliongoza kimoja. Kingine kiliongozwa na Dokta Michel, mtu mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Na kile cha bondeni, karibu na watu wanaochoma matofali, kiliongozwa na Mama Georgette. Yeye hakuwa daktari, alikuwa muuguzi. Lakini wakati wa vita, sisi wengine tukiwa mbali, yeye hakutoka. Alizalisha wanawake katika chumba cha nyuma cha kanisa, wa kabila hili na wa kabila lile, na hakuna aliyewahi kumsikia akijisifu kwa hilo.

Mshahara wa serikali siku hizo ulikuwa kama mvua ya kiangazi. Kilichotushikilia ni shirika moja la msaada lililotoka mbali. Lilituletea dawa, likawapa wauguzi kitu kidogo kila mwezi, na watu wakatibiwa bure. Halafu siku moja habari ikaja: msaada unapungua, na katika vituo sita kitabaki kimoja tu.

Tukakutana kwa Mama Georgette, kwenye mabenchi ya wajawazito. Michel alifoka, wengine wakalalamika. Mama akatuacha tumalize, kisha akasema, "Siye tukienda moja moja, watatuchagua kama nyanya za sokoni. Tuandike barua moja. Siku ya kwanza ya juma tuende wote sita."

Tukakubali. Nami nikatia sahihi, tena kwa mwandiko mzuri.

Sasa sikia aibu yangu. Kabla siku hiyo haijafika, nilipanda moto nikaenda peke yangu kwa mkuu wa shirika lile. Sikujiambia kwamba nawasaliti wenzangu. Nilijiambia kwamba kituo changu ndicho kikubwa, kwamba wagonjwa wangu ni wengi, kwamba mimi nina shahada. Mwanangu, tamaa huwa haiji uchi. Huvaa nguo ya huruma. Mkuu yule alinipokea kwa adabu, akanisikiliza, akaandika. Na sote sita tulipokwenda na barua yetu, tuliambiwa kwamba uamuzi umekwisha kufanyika, na kituo kitakachobaki ni changu. Nikajifanya nimeshangaa kama wengine.

Mwezi wa kwanza nilitembea kifua mbele. Mwezi wa pili nikaanza kuelewa. Vituo vitano viliishiwa dawa, na watu wao wote wakaja kwangu. Tulianza kazi kabla umande haujakauka, tukamaliza bila kula. Wauguzi wangu, ambao zamani waliimba wakipima watoto uzito, wakaacha kuimba. Mmoja alianguka chini akiwa ameshika sindano. Na lililo baya zaidi ni wale wasiofika. Wako akina mama waliokaa upande wa pili wa mji ambao hawakuthubutu kupita soko na kuja upande wetu, kwa sababu jeraha la vita lilikuwa bado bichi. Hao walibaki nyumbani na watoto wao wenye homa. Mimi sikuwaona, na nisichokiona sikukiuliza.

Ndiyo siku ile sasa. Mama Georgette alikuwa amemleta mtoto wa jirani yake, kwa maana kabati lake la dawa lilikuwa tupu. Angeweza kupita mbele; nani angemzuia? Lakini alikaa katika foleni tangu asubuhi kama mama yeyote, na alipofika mezani, mimi nikamwandikia mtoto dawa ya kumdhuru, bila hata kumtazama usoni.

Nikairarua ile karatasi, nikaandika nyingine. Akaisoma yote, akaridhika, akampa muuguzi. Kisha akaniomba tutoke uani kidogo. Alisema maneno machache, na sijasahau hata moja.

"Siku ile ulienda pekee yako, nilijua. Bunia ni kidogo, Dokta, na mutu wa moto iko na mudomo. Sikukusema mbele ya batu. Nilifikiri, acha, muzigo wenyewe utamuambia."

"Mama, unisamehe."

"Miye nilikusamehe zamani. Lakini haiko miye tu. Leo nilikuwa hapa na nikasoma karatasi. Kesho nani atasoma?"

Aliinama akachota maji kwenye pipa, akanimiminia mikononi ninawe uso, kama mama anavyomfanyia mwanawe. Kisha akavua kitenge cha juu, akaingia ndani, akashika kipimajoto, akafanya kazi na wauguzi wangu mpaka foleni ikaisha. Hakuna fimbo iliyowahi kunichapa kama jioni ile.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Jumamosi nikawaita wote, nikasimama mbele ya wenzangu watano nikawaambia nilichofanya. Michel aliinuka nikadhani atanipiga. Akatoka nje. Tukamsikia akizunguka uani, akipiga mawe kwa mguu. Baadaye akarudi, akakaa mbali nami, akasema, "Endelea. Tutafanya namna gani sasa?"

Yeye alitaka tufunge milango yote sita kwa juma zima, wakubwa waone. Wengine walipiga makofi. Mama Georgette akatikisa kichwa.

"Tukifunga mulango, nani atabaki inje? Haiko wale wa shirika. Ni yule mama wa kambi."

Hapo nikakumbuka jambo ambalo mimi peke yangu nililijua vizuri. Kila juma nilipeleka ripoti kwa shirika: wagonjwa wangapi, homa ngapi, kuhara kungapi. Bila karatasi hizo, mkuu yule hakuwa na la kuwaambia wakubwa wake ng'ambo. Na baada ya vituo vingine kuachwa, karatasi zilitoka kwangu tu.

Nikasema, "Tutibu watu wote, lakini mimi sitawapa ripoti tena mpaka waketi na sisi sita."

Mama akafikiri, akaongeza neno moja, na hapo nikaona tofauti ya akili na hekima. "Lakini kipindupindu ikitokea, au surua, tutaenda kwa miguu kuambia wakubwa wa afya wa serikali siku ileile. Ugonjwa haiko kitu ya kuficha."

Nilirudi nikawauliza wauguzi wangu, kwa maana hicho kitu kidogo cha mwezi kilikuwa chao pia, na sikuwa na haki ya kukichezea peke yangu mara ya pili. Walitazamana. Mkubwa wao akasema, "Dokta, tumechoka. Afazali tupate kidogo na tulale." Wakakubali wote.

Mkuu wa shirika alipoambiwa, hakugomba. Alisema tu kwamba nimevunja mkataba. Juma la nne, gari la dawa halikuja. Nilisimama mbele ya rafu zangu, nikaona zimebaki chupa chache za seramu ya mshipani na vidonge vya kuhesabu, na nje wagonjwa wamekaa. Nakiri kwako, mwanangu, niliogopa. Nilitaka kuchukua kalamu niandike ripoti zote nne kwa mpigo.

Kabla sijaishika kalamu, moto iliingia uani kwa kelele. Nyuma alikaa Michel, amekumbatia katoni ya seramu mbele ya kifua kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ndiyo yote aliyokuwa ameificha kwa ajili ya shida kubwa. Akaiweka mezani kwangu, akafuta vumbi usoni.

"Usifikiri nimesahau," akasema. "Lakini batu wako hawakunikosea."

Kesho yake likaja boksi la akiba ya mwisho kutoka kituo kingine, na kesho kutwa lingine. Mama Georgette alituma wauguzi wake wawili, wakakaa nasi siku tatu kila juma. Tukapeana zamu za Jumapili ili kila mtu apate siku moja ya kusali na kulala. Mimi nimesoma, mwanangu, na nimeketi na watu wenye vyeo, lakini watu wakubwa kuliko hao sijawaona. Hawakuwa na kitu, wakagawana hicho kisichokuwapo, tena na mtu aliyewauza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hilo tulilisikia tangu utotoni. Mimi nililiona siku hizo kwa macho yangu.

Mwishowe, wakubwa wake wa ng'ambo wakimdai ripoti, mkuu wa shirika alikuja mwenyewe. Aliketi nasi sita katika jumba la kanisa tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Sitakudanganya kwamba tulipata yote. Msaada haukurudi kama zamani. Kile kilichokusudiwa kwa kituo kimoja kiligawanywa, na kila kituo kikapata fungu dogo. Kile kilichokuwa kwenye barabara ya kwenda Mambasa hakikuweza kusimama, kikafungwa, na wauguzi wake tukawachukua kwetu. Tulihuzunika. Lakini yule mama wa upande wa pili aliweza tena kumpeleka mtoto wake karibu na nyumbani kwake, bila kupita alikoogopa kupita, na sisi tukaweza tena kumtazama mgonjwa usoni kabla ya kumwandikia dawa.

Mama Georgette alifanya kazi miaka mingi baadaye. Siku alipozikwa, waliobeba jeneza lake walikuwa vijana aliowazalisha, na hawakuwa wa kabila moja. Michel alisimama kando yangu, amenishika mkono.

Basi mwanangu, wewe uliyepata shahada jana na koti lako jeupe bado lina harufu ya duka, nisikilize. Mkiahidiana kwenda pamoja, nenda pamoja, hata kama unaijua njia ya mkato. Njia hiyo itakufikisha haraka mahali ambapo utaubeba mzigo wa watu sita kwa shingo moja. Ukichoka, sema umechoka. Uchovu wa tabibu ukifichwa huangukia mtoto wa mtu. Mkidai haki yenu, msiidai kwa kuwaumiza wanyonge waliowaamini. Na ukikosea, usingoje watu wakugundue. Simama mbele yao useme. Atakayetoka nje kwa hasira mwache atoke, na mlango uache wazi.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka na macho yanayomwona aliye mbele yako. Akupe wenzako wa kukukemea faraghani na kukutetea hadharani. Kazi yako iwe na baraka, nyumba yako iwe na amani, na Ituri yetu ilale siku moja ikiwa imevua viatu. Amina.