Mjomba Alivyokiri kwa Kiingereza

Katika ukoo wetu, huku juu Uluguru, mwenye kosa huketi kwenye udongo mtupu akalitaja kosa lake kwa kinywa chake. Asipolitaja, wazee hawana pa kuanzia. Bibi alikuwa akilisubiri neno hilo kutoka kwa mjomba, mwanawe, aliyeuza shamba la migomba la ukoo bila kumshirikisha mtu.

Mjomba alipanda kutoka Morogoro mjini, akawakuta wazee wamekusanyika wakimlaumu, akakataa kuketi, akanigeukia mimi msomi mwenzake. "I must confess," alisema, "makelele haya yananishangaza."

"Kasemaje?" bibi aliniuliza.

"Anakiri kwamba tunamshangaza, bibi."

Kwa Kiingereza watu hukiri kwamba chai ni tamu, kwamba wamechoka, na hakuna anayechafua suruali kwa kuketi udongoni. Hilo ndilo neno alilotuletea mlimani.

"Shamba umeliuza kwa Kiswahili," bibi alimwambia. "Kiri kwa hichohicho."

"Mama, hayo ya kizamani," mjomba alicheka, akapanda bodaboda yake.

Wazee wakatawanyika. Wiki ileile mnunuzi aliifyeka migomba, na bibi aliyasikia mapanga akiwa jikoni kwake.