Babu amenichagulia darubini

Leo Babu ameniaibisha dukani, lakini mimi sikusikia haya.

Wenzangu wa shule, someni karatasi hii kisha mupitishiane. Kwa mudomo sitaweza.

Munajua ninavyotaka kuona nyota. Babu aliniahidi darubini ya macho mawili. Sisi weusi tunanunua dirishani tu, ndani ni kwa Wazungu, kwa hiyo karani alitutolea mbili hapo.

Kubwa inavuta karibu sana, lakini mikono ikitetemeka kidogo, kila kitu kinacheza. Niliangalia nayo meli ng'ambo ya muto Lualaba, jina lake halikusomeka. Na ile ndogo, herufi zilitulia. Kwa nyota, njo hiyo.

Nikarudisha vifuniko kwenye vioo vyake, nimupe karani.

Babu akainyakua.

“Lete, mujukuu. Macho ya muzee njo yanajua.”

Akaielekeza mutoni.

“Eh! Naona mupaka masharubu ya kapiteni!”

Vifuniko vilikuwa bado juu ya vioo.

Karani akaniangalia.

“Njo hii, Babu,” nikasema. “Iko muzuri.”

Tukarudi nyumbani, amenishika bega njia yote. Tangu mwaka jana ananishika hivyo. Nilizani ni mapenzi tu.

Ramadhani inakaribia, na mutaa wetu wote unafunga Babu akisema ameona mwezi.

Mungekuwa mimi, mungesema haoni? Ao mungesimama karibu naye, mumunong'oneze mwezi uko wapi?