Mguu wa Shangazi na Saa Tatu ya Baba

Shangazi yangu anashona viti vya magari. Mpelekee kiti kilichochanika, atakurudishia kitu utakachoona haya kukikalia. Siku za kazi anaongea na sindano katikati ya meno, kwa hiyo nusu ya matusi yake haitufikii. Ila Jumapili moja kila mwezi uwanja wa mbio hufunguliwa kwa yeyote mwenye gari na kofia ngumu, naye huingia na kigari chake cha zamani, akazunguka mpaka matairi yanuke.

Baba, ambaye ni kaka yake, husimama ukingoni na saa ya kupimia na maneno mengi. Mwaka huu wimbo wake ulikuwa mmoja: karibu na kona ya mwisho, injini inakata pumzi.

"Gari limechoka, dada. Nalisikia kabisa. Liuze kabla wanunuzi hawajashtuka."

"Unasikia wewe? Jana nimekuita chakula mara tano."

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

"Basi tupime. Likiwa gari, nauza. Nikiwa mimi, utanyamaza."

Kazi ya kutafuta kifaa cha kupimia nikapewa mimi, kwa kuwa nilisomea umeme chuoni mwaka mmoja na nusu, kabla mimi na chuo hatujakubaliana kupumzishana. Nikamwekea habari zote juu ya meza ya kukatia ngozi.

"Cha kwanza ni simu yako na programu ya bure. Ila simu inajua ulipo mara moja tu kwa sekunde, na kwa sekunde moja wewe umeshapita nyumba mbili. Cha pili kina kioo chake, kinakuambia palepale kama unawahi au unachelewa. Kizuri, lakini bei yake ina kiburi."

"Nikitaka kusemwa nikiwa naendesha, nitampakia baba yako."

Cha tatu kilikuwa kijisanduku kama kiberiti, cha mkono wa pili. Kinasoma setilaiti mara kumi kwa sekunde na kuipelekea simu mwendo wako wote. Shangazi akaigeuzageuza picha yake.

"Kinauona mguu wangu?"

Hakiuoni. Vipo vinavyosoma kanyagio la mafuta, lakini huchomekwa kwenye kompyuta ya gari, na gari la shangazi halina kompyuta, lina imani tu.

"Kitambaa kikichanika," akasema, "usiangalie tundu. Angalia kinachovuta."

Akachukua kamera kuukuu iliyokuwa imelala kabatini, akaishonea mfuko wa ngozi, akaufunga chini ya dashibodi ukitazama makanyagio. Tukanunua kile kijisanduku, na kwa mfuko huo maandalizi yakaisha.

Siku yenyewe, kamera ilikuwa imepoteza saa kwa kukaa bila betri, ikadai iwekewe upya. Shangazi alikuwa ameshavaa kofia.

"Kaka, saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika kumi!"

Akaiingiza kwenye kamera, akaingia uwanjani, akazunguka mara sita.

Aliporudi tukafungua simu. Mstari wa mwendo ulipanda vizuri, kisha ukaanguka mapema mno kabla ya kona ya mwisho. Baba akatabasamu kama aliyeshinda kesi.

"Injini hiyo."

"Ngoja picha," shangazi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida.

Programu ilitakiwa kuoanisha picha na mstari kwa kufuata saa. Ikagoma: hakuna picha ya muda huo. Nikalaumu kijisanduku, nikalaumu waya, nikaanza kuilaumu setilaiti.

"Ndiyo nusu diploma hiyo?" shangazi akaniuliza, akanipokonya kamera. Akakodolea pembe ya kioo chake. "Hapa imeandika tatu na kumi na nne. Kaka, ulisema saa tatu?"

"Ilikuwa saa tatu!"

"Tatu yetu au tatu ya mashine?"

Tukatazamana. Tangu utotoni tunaona tisa kwenye simu, mdomo unatamka tatu, na kichwa kinatafsiri bila kutuomba ruhusa. Shangazi aliiandika tatu kama ilivyotoka kinywani mwa baba. Kamera ikaamini kwamba amekimbia saa tisa usiku, wakati wa wezi.

Nikasogeza saa sita mbele. Picha ikaingia mahali pake.

Kiatu cha turubai kilikuwa juu ya kanyagio la mafuta. Mstari ulipoanza kushuka, kiatu kikainuka taratibu, kwa adabu, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Breki ilikuwa bado haijaguswa. Mizunguko yote sita, mahali palepale. Injini haikukata pumzi, ilinyimwa.

"Mimi huyo?" shangazi akasema. "Naapa sikumbuki kuinua mguu."

"Mguu una woga wake," nikasema.

Baba akafungua mdomo.

"Tulikubaliana nini?" shangazi akamuwahi.

Akaufunga. Shangazi alicheka mpaka akaegemea mlango wa gari, akaupapasa kama shavu la mtoto aliyesingiziwa.

Mchana akaingia tena. Alitueleza baadaye kwamba njia nzima alikuwa akiukaripia mguu wa kulia kwa sauti. Alipovuka mstari wa kumalizia, baba aliangalia saa yake, akaitikisa, akaangalia tena. Kisha, midomo ikiwa imebanwa, akamnyooshea vidole viwili: sekunde mbili pungufu.

Shangazi akashusha kioo. "Leo kaka yangu umeongea vizuri!"