Ismaili na Kamera ya Mstari wa Wari

Kabla simu hazijajaa mifukoni, mtu wa Mtwara aliyetaka picha nzuri alikwenda mtaa wa Rahaleo, kwenye studio ya Ismaili. Mimi nilikuwa nashona nguo mlango wa pili, na bado nashona hapohapo. Msimu wa korosho ndio uliokuwa na raha. Watu walishuka kutoka Nanyamba na suruali mpya, wakapita kwangu nizipunguze, kisha wakaingia kwa Ismaili kusimama mbele ya pazia lililochorwa ndege. Nilikuwa nikimsikia akisema, "Kidevu chini kidogo, usipumue," na mimi huku najikuta nimeshika pumzi, mguu juu ya cherehani.

Siku hizi pazia limeliwa na mende. Ismaili anatoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti. Kazi moja tu ya zamani hajaiacha, picha ya wari.

Kwetu, wasichana wakitoka unyagoni husimamishwa kwenye mstari mmoja, wamevaa khanga mpya, macho chini. Mpaka mama zao wamalize kuwatuza, hakuna mtu anayepita katikati. Mstari wa wari haukatwi. Sasa simu inakata. Ukiizungusha ili ipate watu wote, utakuta msichana mmoja ana mikono mitatu na mwenzake hana kichwa. Miaka ya nyuma Ismaili alipiga vipande vitatu akaviunga kwa gundi. Mama mmoja alirudisha picha kwa sababu kiungo kilipita begani kwa mwanawe.

"Umemkata mwanangu," alisema, akaiacha mezani.

Mwaka huu shangazi yake Ismaili, Bi Mwanahawa, ambaye ni kungwi katika kijiji cha jirani na Nanyamba, alituma salamu kwamba anapumzika. Magoti yamekataa. Kazi anamwachia binti yake, Latifa. Lakini wari wake wa mwisho alitaka awaone wote kwenye picha moja, asikatwe hata mmoja. Ismaili aliponiambia habari hiyo alikuwa anafuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

Bahati ikaja kupitia kwa Mzee Mikaeli, Mnyakyusa aliyefanya kazi bandarini tangu ujana wake na kukusanya kamera kutoka kwa mabaharia. Alikuwa anafunga mizigo arudi kwao Tukuyu. Akatuita, akaweka mbili mezani, zote za filamu, zote zimetengenezwa kwa ajili ya picha pana tu.

"Chagua moja, Bwana Picha. Nyingine naenda nayo kwa mjukuu wangu. Mpaka nitakapoondoka, zijaribu zote mbili."

Ya kwanza ilikuwa ya Kijapani, nzito kama tofali, inakula filamu pana inayotoa picha nne tu. Ya pili ilikuwa ya Kirusi, nyepesi, na lenzi yake inageuka yenyewe kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayegeuza shingo kutazama barabara. Ismaili aliipenda ya Kijapani tangu alipoibeba.

Tulizijaribu kwetu, mtaa wa Chuno. Majirani wakajipanga ukutani, mke wangu Husna akiwa katikati, Ismaili akapiga kwa kamera zote mbili. Filamu zikaenda Dar es Salaam kusafishwa. Zilipokuja, ya Kijapani ilikuwa safi na watu wamenyooka. Kwenye ya Kirusi, ukuta ulitoka tumbo, na Husna wangu alikuwa mkubwa kupita wote. Waliokuwa pembeni walionekana kama watoto wake.

"Shemeji Ismaili," Husna alisema, "nilikukosea nini?"

"Wewe ulikuwa karibu zaidi na kamera, shemeji."

"Karibu ndiyo ninenepe hivi? Ipelekeni Tukuyu hiyo."

Ismaili akacheka, akasema amekwisha chagua.

Siku moja kabla ya wari kutoka, tulikwenda kijijini kutazama uwanja. Nilibeba stendi ya kamera. Uwanja wenyewe ni mdogo, nyumba upande huu, mikorosho upande ule. Ismaili alisimamisha ya Kijapani, akaanza kurudi nyuma. Akarudi mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jiko, na bado uwanja haukuingia wote.

Bi Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye kigoda akimtazama. "Unarudi nyuma unakwenda wapi, Msumbiji?"

Ismaili alikwenda akasimama katikati ya uwanja, mahali wanapowekaga ngoma, akageuza shingo taratibu kutoka kushoto mpaka kulia. Kisha akaniomba nimletee kamba ya kuanikia nguo.

Nilishika ncha moja pale pa ngoma, yeye akavuta ya pili na kuchora mchangani kwa kijiti, akizunguka. Ukatokea mstari uliopinda kama mwezi mchanga. Hapo nami nikaelewa. Kila atakayesimama juu yake atakuwa mbali na kamera ya Kirusi sawasawa na mwenzake, na hakuna atakayekuwa Husna.

Bi Mwanahawa aliinuka kwa fimbo. "Wari wangu husimama wamenyooka. Mama yangu aliwanyoosha, na mimi nimewanyoosha."

"Shangazi, hapa chini mstari utapinda. Kwenye picha utanyooka."

"Na usiponyooka?"

"Basi nitakuwa nimekuharibia, na siku yenyewe haitarudi."

Bi Mwanahawa alimtazama sana huyo mtoto wa kaka yake. "Haya. Nawapinda kwa ajili yako."

Kesho yake ngoma zilinyamaza na kusogezwa, wari wakasimama juu ya mchoro, mama zao nyuma yao. Ismaili aliweka ya Kirusi pale katikati. Wari waliinamisha macho kama walivyofundishwa. Alijaribu kusema habari ya kidevu, hakuna aliyethubutu kuinua uso kwa ajili ya mwanamume mwenye kamera. Alimgeukia shangazi yake, na mimi niliona jasho shingoni mwake.

Bi Mwanahawa alikuja akasimama nyuma ya bega lake. "Wanangu, nitazameni."

Nyuso zote zikainuka. Lenzi ikageuka na mlio mdogo kama wa nyuki.

Tulisubiri filamu irudi kutoka Dar es Salaam kwa roho juu. Picha ilipofika ilikuwa ndefu, imekunjwa kama mkeka. Ismaili aliifungua mkekani mbele ya shangazi yake, mimi na Latifa tukishika ncha zake. Mstari ulikuwa umenyooka. Bi Mwanahawa aliinama, akapita kwa kidole kutoka msichana wa kwanza, akiwataja majina, mpaka wa mwisho.

"Wametimia," alisema.

"Ila wewe humo, shangazi," Ismaili alisema kwa huzuni. "Ulikuwa nyuma yangu."

"Mimi nitaingiaje? Mimi ndiye niliyekuwa nawatazama." Akaendelea kuitazama picha. "Miaka yote hii, hivi ndivyo ninavyowaona."

Baadaye akauliza kama filamu imebaki. Ismaili akasema ipo kidogo.

"Itunze. Mwakani uje usimame mbele ya Latifa."

Tuliporudi mjini, Ismaili aliipeleka ya Kijapani kwa Mzee Mikaeli, imefungwa kwenye kitambaa nilichomshonea.